Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: namna ya kusoma shairi mpaka likuingie

Haya maswali naulizwa sana, na wanafunzi, na watu wazima waliomaliza shule zamani wakabaki na hamu, na wengine wametumiwa beti kwenye simu wakaishia kuguna tu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya pembeni, na ukiona nimekuambia rudi swali fulani basi rudi kweli, manake sitarudia. Nazungumzia zaidi mashairi ya Kiswahili, na nasema yale ninayoyafanya mi mwenyewe nikikaa na kitabu.

## Kuanza kabisa

1. Nasoma shairi mara moja, mara mbili, sielewi kitu. Tatizo ni mimi?

Hapana. Mara nyingi tatizo ni kwamba umelisoma kimyakimya kwa macho, kwa spidi ileile unayosomea habari za gazetini. Mashairi yetu hayakutungwa kwa ajili ya macho peke yake, yalighaniwa, yaliimbwa, yalisomwa kibarazani mmoja anasoma na wengine wanasikiliza, kwahiyo ukilisoma kimya umeliondolea nusu ya nguvu yake halafu unashangaa mbona halisimami.

Soma kwa sauti. Hata kama uko peke yako chumbani, hata kama ni sauti ya kunong'ona kwenye daladala. Mdomo unagundua vitu ambavyo jicho linaruka, unajikuta umepumzika mahali fulani, umekaza mahali fulani, na hapo ndo maana inapoanza kuingia. Mi narekodi kwenye simu, alafu nasikiliza nikiwa napika. Mara ya tatu au ya nne kuna mstari unasimama wenyewe.

2. Nianze kutafuta nini kwanza, vina, mizani, ujumbe?

Anza na hili: nani anasema, na anamwambia nani. Shuleni wanaita nafsineni na nafsinenewa, majina makubwa lakini kitu chenyewe ni rahisi, ni kama unasikia watu wanaongea nyuma ya mlango na unataka kujua ni kina nani.

Bibi yangu alilelewa Lamu, na alikuwa anachambua mchele kwenye uteo huku anaghani Utendi wa Mwana Kupona. Ule utendi ni wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia binti yake, na unamwita hivi: "Negema wangu binti". Sikujua negema ni nini. Lakini kila akifika hapo bibi alikuwa ananyoosha mkono wenye vumbi la mchele ananivuta kwake, na mpaka leo nikiliona lile neno nasikia ule mkono. Negema ni sogea, njoo karibu. Ukishajua kwamba huyu ni mama, anaumwa, na anamwambia mtoto asogee amsikilize, basi nusu ya kazi imekwisha, yale maneno magumu yanayofuata yote yana mahali pa kukaa. Ukianza na "utendi huu una mizani minane kila kipande", yaani silabi nane, umejua kitu cha kweli ila hujamsikia mama.

3. Nisome mara ngapi?

Mi hufanya tatu kwa siku ya kwanza. Ya kwanza kwa sauti bila kusimama, hata nikikutana na neno geni napita. Ya pili taratibu na penseli, napiga mstari chini ya kila nisichokijua. Ya tatu nasema kwa maneno yangu, beti moja moja. Alafu naliacha. Kesho yake nalirudia mara moja tu, na hapo mara nyingi linakuwa limejipanga lenyewe usiku.

Nimetunga beti hii ili tuwe na kitu kimoja cha kushika mkononi, nitaitumia kwenye majibu mengine pia:

*Jahazi limetoboka, nahodha yuwasinzia,*
*Wafua maji wachoka, wimbi nalo laingia,*
*Kila anayetamka, aambiwa kutulia,*
*Pwani haijaoneka, vipi tutaifikia?*

Isome kwa sauti kabla hujaendelea kushuka chini.

4. Hiyo ya kusema kwa maneno yangu mwenyewe, si ni kazi ya mtihani tu?

Ndo kazi kubwa kuliko zote, na watu wengi wanairuka. Kwenye mtihani wanaita kuandika kwa lugha nathari, yaani maneno ya kawaida. Beti ya juu ingekuwa hivi: chombo kimetoboka na anayekiongoza anasinzia, wanaotoa maji wanachoka na mawimbi yanazidi kuingia, kila anayesema neno anaambiwa atulie, na ufukwe bado hatujauona, sasa tutafikaje.

Utaona mara moja wapi hujaelewa, manake kalamu inakwama hapohapo. Ukikwama usijaze kwa kubahatisha, acha nafasi wazi kwenye daftari, uijaze baadaye. Daftari langu moja lina nafasi iliyokaa wazi miaka miwili mpaka siku nikamsikia mvuvi mmoja analitumia lile neno.

## Maneno magumu

5. Kila mstari una neno nisilolijua. Nisimame nitafute kila moja?

Usisimame kwenye kusoma kwa kwanza, utapoteza wimbo. Kwenye kusoma kwa pili ndo unachagua: tafuta kwanza vitenzi. Jina la kitu usilolijua unaweza kulibeba muda, unajua tu "kuna kitu fulani hapa", lakini kitenzi usichokijua kinafunga mlango wa mstari mzima.

Alafu angalia jirani zake. Kwenye ule utendi wa Mwana Kupona kuna "upulike wasiati". Wasiati unahisi ni wasia. Sasa mama akimwambia mtoto asogee, kisha "upulike" wasia, wasia unafanywa nini? Unasikilizwa. Pulika ni sikiliza, umelipata bila kamusi.

6. Na yale maneno ninayoyajua kabisa lakini hayaleti maana?

Haya ndo hatari zaidi, manake neno geni linakupa taarifa kwamba hulijui, hili linakaa kimya. Kwenye beti ya swali la 3, "wafua maji" watu wengi wanafikiria kufua nguo. Kufua maji ni kutoa maji yaliyoingia chomboni, mwanamaji yeyote analijua. Ukisoma kama nguo, mstari unakuwa wa ajabu na unaanza kubuni fumbo ambalo halipo.

Mi nilisoma shairi moja la zamani nikiwa kidato cha pili, kulikuwa na mtoto "yuwateka", nikashikilia kwamba mtoto ameteka mtu au anateka maji kisimani, na mwalimu naye akapita hivyohivyo. Miaka mingi baadaye nikajua kwamba kwa Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, kuteka ni kucheka. Shairi zima likageuka, lilikuwa ni shairi la furaha na mi nilikuwa nimelibeba kama la huzuni muda wote huo. Inaniuma bado.

Kwahiyo mstari ukigoma, mshuku kwanza neno unalolijua. Hata "kwamba": kwenye tungo za kale kuamba ni kusema, na "twambe" ni tuseme.

7. Kuna njia ya mkato ya kusoma mashairi ya Kiamu na Kimvita?

Ipo. Ukijua mabadiliko machache ya sauti, maneno mengi yanafunguka.

J ya Kiswahili sanifu mara nyingi huko inakuwa y, basi hujui inakuwa huyui, moja inakuwa moya, kuja inakuwa kuya. Nj inakuwa nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Ch inakuwa t: macho ni mato, nchi ni nti, kucheka ni kuteka kama nilivyosema hapo juu, na kuacha ni kuwata, ndo maana mshairi Abdilatif Abdalla aliposema "Siwati" alikuwa anasema siachi. Vi na vy ya majina kwa Kiamu cha zamani inakuwa z, vita ni zita, vyombo ni zombo.

Jaribu sasa na Al-Inkishafi, shairi la kale lililotungwa Pate na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, anauambia moyo wake: "huyui dunia ina ghururi". Huyui ni hujui, ghururi ni udanganyifu. Hujui kwamba dunia ina hadaa? Mstari wa miaka mia mbili umeusoma sasa hivi kwa kubadilisha herufi moja na kutafuta neno moja.

Andika haya mabadiliko kwenye kikaratasi ukiweke ndani ya kitabu kama alamisho. Mi ninacho mpaka leo.

8. Nimetafuta kwenye kamusi neno halipo kabisa.

Kabla hujakata tamaa, libadilishe kwanza kwa njia ya swali la 7 alafu tafuta tena. Likigoma, angalia kama limekatwa au limerefushwa (swali la 9). Likigoma tena, uliza mtu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka 1981 na jina lake linajieleza, inaangalia zaidi Kiswahili sanifu, sasa neno la uvuvi la Pemba au la ususi la Siu unaweza usilikute. Nyavu, tanga, mikeka, vyakula, ngoma, haya nenda kwa wenye kazi yao. Na maneno ya dini muulize aliyesoma chuoni, yaani madrasa, atakupa kwa dakika moja ulichokitafuta wiki nzima.

9. Mbona sarufi yenyewe imevurugwa? Hivi mshairi anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, na inaitwa uhuru wa mshairi. Anaweza kufupisha neno ili mizani itoshe, hiyo ni inkisari, kwa mfano "mekuja" badala ya amekuja. Anaweza kurefusha, mazida, kama "enenda" badala ya enda. Anaweza kubadili sauti kidogo ili kina kikae, tabdila. Na anaweza kugeuza mpangilio, "yako ndoto" badala ya ndoto yako, hiyo ndo kufinyanga sarufi.

Ukikutana na mstari uliopinda, urudishe kwenye mpangilio wa kawaida kwa kalamu. Tafuta nani kafanya nini. Lakini usiishie hapo, jiulize pia neno gani limesogezwa likakaa mwanzo au mwisho, manake pengine mshairi alitaka ulisikie hilo kwanza.

## Vina, mizani na vibwagizo

10. Lazima nihesabu mizani?

Kila shairi, hapana. Lakini hesabu pale ulimi unapojikwaa. Shairi la tarbia la kawaida, lile la mishororo minne kila beti, lina mizani 16 kila mshororo, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), ukipata saba ujue kuna kitu: ama unalitamka neno vibaya ama kitabu kina kosa la uchapaji. Angalia "Kila anayetamka" kwenye beti yetu. Ukihesabu haraka utapata saba, manake umeimeza m. Ta-m-ka ni tatu, hiyo m inajitegemea kama kwenye m-tu, na ukiipa haki yake mstari unatembea sawa. Vilevile ukikuta "afiya" usidhani ni kosa, alihitaji mizani ya tatu.

Mi hesabu naitumia kama fundi anavyotumia pimamaji, haikai mkononi muda wote.

11. Kibwagizo kinajirudia kila beti, naweza kukiruka?

Tafadhali usikiruke. Maneno ni yaleyale lakini kila kikirudi kimetanguliwa na mambo mengine, kwahiyo hakisemi kitu kilekile. Fikiria "Pwani haijaoneka, vipi tutaifikia?" ikija baada ya beti inayohusu nahodha aliyelala ni malalamiko. Ikija baada ya beti inayohusu abiria walioanza kuziba tundu kwa nguo zao, inakuwa ni swali la watu wanaofanya kazi. Ninavyofanya, pembeni ya kila kibwagizo naandika neno moja: hasira, hofu, tumaini, uchovu. Nikimaliza nasoma yale maneno peke yake kutoka juu mpaka chini, na hapo safari ya shairi inaonekana.

12. Kujua mtiririko, ukara, ukaraguni kunasaidia kuelewa?

Kidogo. Mtiririko vina havibadiliki shairi zima, ukara upande mmoja unabaki na mwingine unabadilika, ukaraguni kila beti na vyake. Kwenye kuelewa kinachonifaa ni hiki: shairi lililokuwa linashikilia kina kimoja likikibadilisha ghafla, simama hapo, mara nyingi na mawazo yamegeuka.

## Maana ya ndani

13. Nitajuaje kama shairi ni fumbo au linasema linachosema tu?

Kanuni yangu ni moja na siivunji: elewa jahazi kwanza kama jahazi. Mbao, tundu, maji, watu wenye ndoo mikononi, nahodha kichwa kinaanguka. Ukiruka moja kwa moja ukasema "jahazi ni taifa" umefunga shairi kabla hujaingia ndani yake.

Ukishaliona jahazi vizuri, tafuta neno ambalo halikai sawa na jahazi la kawaida. Kwenye beti yetu ni mshororo wa tatu. Chombo kinazama, mtu anasema kuna tundu, sasa kwa nini anaambiwa atulie? Baharini hakuna mtu mwenye akili atamnyamazisha anayeonyesha tundu. Hapo ndo pana ufa wa kuchungulia, shairi lina habari ya watu kunyimwa kusema, na hilo linaweza kuwa nchi, ofisi, chama, hata familia. Beti isingekuwa na ule mshororo wa tatu ningekuwa radhi kabisa kuisoma kama habari ya safari mbaya na nisitafute kingine.

14. Mi nimeelewa ni ndoa, mwenzangu anasema ni serikali. Nani yuko sahihi?

Kila mtu aweke kidole kwenye neno. Wa ndoa atasema nahodha ni mume aliyelala na mambo ya nyumbani, sawa, ila "wafua maji" ni wengi na "kila anayetamka" ni wengi, ndoa ina watu wawili, wengine watatoka wapi? Labda watoto, labda ndugu, basi iwe ni nyumba nzima badala ya ndoa. Unaona tunavyosogea. Maelezo yanayobeba maneno mengi zaidi bila kuyakunja ndo yenye nguvu, na yanaweza kuwa mawili kwa wakati mmoja. Ila maelezo yasiyo na hata neno moja la kushika, hayo ni ya msomaji, shairi halijayasema.

15. Lazima nijue maisha ya mshairi na historia?

Soma kwanza bila kujua, alafu jua, alafu soma tena. Ukianza na historia unaona unachoambiwa uone.

Lakini usiache kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi wakati Wamazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, wanavutana na Sayyid Said wa Unguja, mpaka Mombasa ikaangukia kwa Sayyid 1837, na ukijua hivyo baadhi ya beti zake unazisikia kama mtu anayesimama ngomeni anamjibu adui. Ukisoma bila hilo unabaki na majigambo tu. Au lile "Siwati" la swali la 7. Abdilatif mwenyewe alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka alioandika kuuliza nchi inakwenda wapi, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Neno siachi akilisema mtu aliyekaa nyumbani kwake ni neno, akilisema aliye ndani ya seli uzito wake ni mwingine.

16. Mbona huongelei ujumbe? Si kila shairi lina ujumbe?

Mengi yanao, na washairi wetu wanapenda kuusia. Ila naona swali la ujumbe likija mapema linaharibu usomaji, manake mtu anasoma beti kumi akitafuta sentensi moja ya kuandika, akiipata anafunga kitabu. "Ujumbe ni tuwe na umoja." Kwa hiyo sentensi hukuhitaji shairi. Ujumbe uache mwisho kabisa, na ukiuandika weka ndani yake angalau neno moja la shairi lenyewe.

## Mashairi huru

17. Shairi halina vina wala mizani. Nalisomaje?

Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka 1974 mabishano yalikuwa makali, wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Mi napenda yote mawili na sioni haja ya kuchagua, ila ni kweli hayasomwi sawasawa. Kwenye la kimapokeo vina vinakuambia wapi upumue. Kwenye huru, anayekuambia ni mahali mstari ulipokatwa. Tazama hii, nimeitunga kwa ajili ya mfano:

*Mama ameacha taa*
*inawaka*
*mlangoni.*
*Ni mwaka wa saba.*

Isome ukisimama kidogo kila mwisho wa mstari. "Mama ameacha taa" peke yake unadhani kaisahau. "Inawaka", kumbe kaiacha makusudi. "Mlangoni", basi kuna mtu anasubiriwa. Alafu mwaka wa saba. Sasa iandike yote kwenye mstari mmoja uone: mama ameacha taa inawaka mlangoni ni mwaka wa saba. Habari ni ileile, lakini kule kungoja hakupo tena. Kwahiyo kila mstari ukikatika jiulize nilikuwa nategemea nini hapa, na nimepewa nini.

## Mambo ya pembeni

18. Utenzi una beti mia na kitu, nachoka. Nifanyeje?

Utenzi (ndo uleule utendi) usiusome kama shairi fupi, usome kama hadithi. Vipande vinne vya mizani minane vinakwenda mbio, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima, hicho ndo kamba inayoshika kila kitu, kwahiyo sikiliza hicho kinaporudi. Kata beti kama ishirini kwa siku, na mwisho wa kila kikao andika mstari mmoja wa kilichotokea. Ukipata mtu anayeghani, mwache aghani, wewe fuata na kitabu.

19. Kopi mbili za shairi lilelile zina maneno tofauti. Ipi ya kweli?

Tungo nyingi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zilivyo hazina p, mara nyingi p na b huandikwa sawa, na i na e hazitofautishwi, wala u na o. Kwahiyo waliohamisha kwenda herufi za Kilatini walilazimika kuamua, na hawakuamua sawa. Juu ya hapo kuna waliohifadhi kichwani na kila mji na namna yake. Mi nasoma zote mbili na kuandika neno la pili pembeni. Mara nyingine tofauti yenyewe inakufundisha mstari ulikuwa mgumu wapi.

20. Shairi linaonekana kama linajibu kitu, lakini sioni swali.

Inawezekana kweli linajibu. Watunzi wetu wana mtindo wa kujibizana, na tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika 1923, kurasa za mashairi zilikuwa na watu wanaoulizana na kupingana. Tafuta dalili: jina au lakabu limetajwa, "nimesikia wasema", "jawabu nakurudishia". Ukiona hivyo, tafuta shairi la kwanza kabla hujatoa maana. Kama hulipati, jaribu kuandika swali ambalo beti hizi zingeweza kuwa jibu lake, inasaidia kuliko unavyodhani. Na ngonjera, shairi la watu kujibizana, usiisome peke yako, tafuta mtu mgawane sauti.

21. Nina mtihani, sina muda wa haya yote.

Fanya swali la 2 na la 4, basi. Nani anasema na nani, kisha nathari ya kila beti kwa sentensi moja. Ukishapata hayo, toni, dhamira na maudhui vinatoka humo humo. Maswali ya umbo ni ya kuhesabu na kutaja, hayahitaji dakika nyingi, yaache ya mwisho. Na soma shairi kwa midomo, bila kutoa sauti, hakuna msimamizi atakayekukataza.

22. Mbinu hizi zinafaa kwa mashairi ya lugha nyingine?

Nyingi zinafaa, hasa za sauti na ya nani anasema. Za lahaja na mizani hazihamishiki. Kwa shairi lililotafsiriwa, kumbuka vina unavyoviona ni vya mfasiri, usivijengee hoja kubwa.

23. Nimefanya yote, bado shairi halijafunguka.

Chagua mshororo mmoja unaoupenda kwa sauti yake tu, hata kama hujui unasema nini, uukariri. Usikariri shairi zima, mmoja tu. Utembee nao, ukifua nguo, ukisubiri gari, ukilala. Mi nilikaa na "ndia za tatasi huzandamaye" ya Al-Inkishafi muda mrefu sana bila kuielewa, naipenda tu inavyopita mdomoni. Siku moja nilikuwa natafuta nyumba ya mtu mtaa nisioujua, vichochoro vinazunguka vinarudi palepale, jua linazama, nikajikuta naisema. Ndia ni njia, andama ni fuata, na tatasi nikawa nimesimama katikati yake, njia zinazotatiza, na yule mzee wa Pate anauuliza moyo wake mbona unazifuata. Nikarudi nyumbani nikafungua daftari, kwenye nafasi nyingine iliyokuwa wazi.